Runinga Iliyotazama Ukuta

Simtaji kwa jina. Aliye hai hana haja ya kutajwatajwa kama marehemu, na yeye alichukia hata kuitwa kwa sauti ya juu. Tulimwita Fundi. Kutoka Butali hadi Likuyani, ukisema Fundi peke yake, hakuna aliyedhani unamtafuta mshonaji wala mtengeneza baiskeli. Ulimtafuta mzee wa runinga za zamani, zile za sanduku la mbao na kioo kilichovimba kama jicho la ng'ombe, zisizojua rangi ila nyeusi na nyeupe.

Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni. Hilo ndilo watu waliloliona kwanza, na wengi hawakulipenda. Kanisani aliimba mkono mfukoni. Wazee aliwasalimia mkono mfukoni. Siku moja matangani, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alimkemea mbele ya watu.

"Fundi, hapa tumeketi na msiba. Umeficha nini humo, mandazi?"

Watu walicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka. Fundi hakuutoa. Alijibu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba.

"Nimeficha moyo wangu. Sanduku la runinga hukaa na moto wa umeme hata likizimwa, hata waya wake ukichomolewa. Ukiligusa kwa mkono mmoja, moto hushuka miguuni ukaenda zake. Ukiligusa kwa miwili, hupita kifuani. Basi huu mmoja niliufundisha kukaa, na sasa hautaki kutoka hata nikiuomba."

Tangu siku hiyo sikumwona tena kuwa mwenye kiburi. Nilimwona kuwa mtu aliyeishi karibu mno na vitu vinavyoonekana vimekufa. "Kuzima si kufa," alizoea kusema, na alilisema neno hilo bila kutabasamu.

Runinga yetu ililetwa nyumbani kwa mkokoteni wa miwa. Mume wangu alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja wa kiwanda cha sukari, na mhandisi huyo alipohama alimwachia. Haikuwa na jina. Kibandiko cha mbele kilikuwa kimeng'oka, nambari za nyuma zimefutika, na mafundi wawili wa mjini Kakamega walikataa kuigusa kwa kuwa hawakujua ni ya aina gani wala ilitoka wapi. Ndipo mzee wetu akaitwa. Aliizunguka mara mbili. Akabisha mgongoni mwake kwa kifundo cha kidole, akangoja kidogo, kisha akafungua skrubu ya kwanza.

"Unampigia nani hodi?" nikamwuliza.

"Mulamwa," akasema. Aliniita hivyo, yaani shemeji, kwa sababu yeye na mume wangu walitahiriwa msimu mmoja, na utani ulikuwa halali kati yetu. "Mulamwa, mimi mambo hayo siyaamini. Lakini mtu huingiaje nyumba ya watu kimya kama mwizi?"

Kisha akainusa. Aliingiza uso wake wote ndani ya sanduku, akapaka vumbi kidoleni, akalilamba. Alivihesabu vile vichupa vya kioo ambavyo huwaka ndani kama vibatari, akatazama rangi ya chuma kilichovibeba. Alipoinuka, alituelezea runinga yetu kama mganga anayemwelezea mgonjwa maisha yake.

"Hii imekaa pwani miaka mingi. Chumvi imekula chuma chake. Mwenyewe aliketi karibu nayo, upande huu, akivuta sigara. Tazameni kitambaa cha spika kilivyogeuka kahawia hapa tu. Na nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mdogo."

Alichokoa kwa kibano kwenye matundu ya kupitishia hewa, akatoa kifungo cha shati la mtoto na nusu ya penseli.

Mhandisi alikuwa ametoka pwani. Alivuta sigara. Naye alikuwa na mtoto mmoja, ambaye alizikwa huko huko pwani. Hayo Fundi hakuambiwa na mtu. Mume wangu alipomweleza, Fundi alikiviringisha kifungo katika karatasi, akakirudisha ndani kabisa, mahali kisipoweza kugusana na waya.

"Si changu kukitoa," akasema.

Baada ya siku tatu runinga ilisema na kuonyesha. Majirani walijaa sebuleni hadi mlangoni. Mimi nami, sioni haya kulisema, nilikuwa nikimwitikia msomaji wa habari kila alipotuaga. Fundi aliyasikia hayo, na hakuacha kunitania miaka yote. "Mulamwa, je, amekuuliza hali ya watoto?" Alicheka ushirikina wa watu wote ila wake.

Yeye mwenyewe hakuwa na runinga. Mke wake, akitaka kuona habari, alikwenda kwa jirani. Jambo hili niliona ni ugumu wa moyo mpaka nilipomtazama akifanya kazi. Mtengenezaji husimama nyuma ya sanduku, kwenye nyaya, na picha hutoka mbele. Ili aione picha huku mkono wake uko nyuma, Fundi alisimamisha kioo cha kunyolea upande wa mbele, kioo kidogo chenye ukingo wa bati la buluu na ufa pembeni, akaitazama picha humo. Marais, wacheza mpira, wahubiri, mazishi ya wakubwa, vyote alivionea ndani ya kile kioo.

"Dunia nimeiona kinyume," aliniambia. "Kwangu mimi watu wote ni mashoto."

"Basi njoo mbele uwaone sawasawa."

"Wakiniona je?"

Nilimtazama kama anatania. Alikuwa akikaza skrubu.

Alikuwa na desturi nyingine. Runinga za namna ile, zikizimwa, picha haiondoki mara moja. Hujikunja, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, na nukta hiyo hukaa pale peke yake kabla ya kwisha. Fundi alivua kofia. Aliishika kifuani kwa mkono wa kulia, akasimama wima hadi nukta izimike, na ole wake aliyezungumza. Shemeji yangu, ambaye ulimi wake hauna mlango, alimwuliza mara moja, "Umefiwa na nani, Fundi?"

"Simjui," akajibu. "Ndiyo maana nanyamaza."

Alikuwa mpole kwa masanduku na mkali kwa watu. Mkulima mmoja wa mahindi kutoka Likuyani alimletea runinga, akadai imejiharibikia yenyewe. Fundi aliinusa, akaifunga, akamrudishia. "Imemwagiwa chai kwa hasira," akasema. "Kapatane na mkeo kwanza, kisha uilete." Yule bwana alikwenda, na wiki ya pili alirudi pamoja na mkewe. Fundi alikula obusuma, yaani ugali, nyumbani mwangu kwa mkono ule mmoja, akisifu mboga, na papo hapo akinilaumu kwamba kitambaa cha kufunikia runinga kina vumbi. Hakukosea. Lakini ni mgeni gani husema hivyo na tonge mkononi?

Sasa nitaeleza jambo lililomfungamanisha na nyumba hii. Andika polepole.

Katika boma letu, mtu akifariki, kila kitu kinachoonyesha sura hugeuzwa. Vioo hutazama ukuta. Runinga ilipokuja, mama mkwe wangu aliiweka katika hesabu hiyo hiyo, akasema kioo ni kioo. Na aliyegeuza ndiye hugeuza tena, mwenyewe, siku jamaa wakishanyolewa nywele za msiba. Mwingine hawezi kumfanyia. Mkono ulioufunga mlango ndio huufungua.

Siku mume wangu alipofariki, kifungua mimba wangu, baba yako wewe unayeandika, alikuwa Chekalini akivuna mahindi. Aliazima baiskeli ya rafiki yake, akaja mbio. Mnyororo ulikatika njiani mara mbili. Aliingia sebuleni mikono imejaa grisi, akilia, na kabla hajamfikia baba yake kitandani aliiona runinga bado inatazama watu. Aliisukuma kwa kiganja cha mkono wa kulia hadi ikageukia ukuta. Mkono huo haukuwa na kidole cha shahada. Panga la kukatia miwa lilikichukua alipokuwa kijana.

Tulizika. Kesho yake, kabla ya kunyolewa, aliniambia, "Mama, narudisha baiskeli ya watu. Kesho kutwa niko hapa."

Baiskeli ilifika. Mwenyewe aliikuta asubuhi imeegemezwa ukutani kwake, imeoshwa, mnyororo umepakwa mafuta. Mbwa hawakubweka. Hakuna aliyemwona aliyeileta, na tangu asubuhi hiyo hakuna aliyemwona mwanangu. Wewe ulikuwa hujaota meno.

Tulimtafuta hospitalini, vituoni, mashambani. Tulipochoka kutafuta, shemeji yangu alianza kulisema neno ambalo nililingojea na kuliogopa. Kwetu, mtu aliyepotea asipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa mahali pake, ili asitangetange. Ni desturi njema. Niliikataa.

"Runinga bado imegeuka," nilimwambia. "Aliyeigeuza ndiye atakayeigeuza. Mpaka siku hiyo sina maiti."

Na kwa kuwa nilisema atarudi, ilinibidi runinga iwe hai, aikute inasema. Nilimwita Fundi. Nilidhani atanicheka. Alisimama mlangoni akalitazama sanduku lililotupa mgongo, akasema tu, "Vizuri. Mgongo ndio mlango wangu."

Akawa anakuja kila mwaka, mahindi mabichi yakianza kuchomwa. Alibisha, akafungua, akafuta, akabadilisha vichupa vilivyoungua kwa vingine alivyovitoa katika runinga mfu za soko lote la Kakamega. Alipoiwasha, ukuta uling'aa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Kisha alikipenyeza kile kioo cha kunyolea katika uwazi kati ya sanduku na ukuta, akachungulia. Alichungulia muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Umeona nini?" nilimwuliza kila mwaka.

"Chenga, mulamwa. Punje nyeupe tu."

Hata mitambo ya zamani ya kurusha picha ilipozimwa nchini, na runinga kama yetu zikakosa la kupokea, aliendelea kuja. Nilimwuliza chenga hizo sasa zinatumwa na nani.

"Hizi hazitumwi na mtu," akasema.

Mwaka mmoja nilinyosha mkono nikitaka kioo nijionee. Alikitia ndani ya shati upesi, kama mtu aliyekamatwa na barua.

"Mulamwa, kioo hiki ni cha kazi."

"Na nyumba hii ni ya nani?"

"Yako. Kioo ni changu." Nasi hatukusema tena hadi alipoondoka. Mimi si mtu wa kunyimwa, lakini siku hiyo nilinyimwa, na ukweli ni kwamba nilishukuru.

Mwaka huu alichelewa. Alipofika alikuwa na fimbo, na macho yake yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, na wingu la mvua lilikuwa limeshuka juu ya miwa hadi nyumba ikawa na giza. Shemeji yangu alikuwepo. Alikuwa amekuja kuniambia kwamba wazee wamekubaliana siku, na mgomba umechaguliwa nyuma ya jiko.

"Hii ndiyo ya mwisho, mulamwa," Fundi akasema. "Macho yamekwisha."

"Keti unywe chai kwanza."

"Nikiketi sitainuka."

Alibisha. Alifungua skrubu kwa kupapasa, akaitengeneza runinga kama kipofu anayemtambua ndugu yake kwa uso. Mkono wa kushoto haukutoka mfukoni. Alipoiwasha, ukuta ulichelewa kung'aa, kisha ukang'aa. Alitoa kioo cha kunyolea shatini, akaugeuza uso wake upande wangu.

"Shika."

"Leo wanipa?"

"Leo sioni. Na humu lazima pawe na mtu anayeona."

Nilikiingiza katika uwazi kama nilivyomwona akifanya. Mwanzoni niliona chenga tu, zikichemka kama kumbikumbi wanaotoka ardhini. Kisha katikati yake niliona kitu kisichotikisika. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa kiganja kilichokandamizwa kwenye kioo cha runinga, kimemulikwa kutoka ndani, na vidole vyake vilikuwa vinne. Pale pa kidole cha shahada chenga zilipita bila kizuizi.

Nilikijua kiganja hicho kabla mwenyewe hajajijua. Mimi ndimi niliyekiosha.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Nawe ukaniambia chenga."

"Ningekuambia nini? Ungekesha hapo ukutani hadi ukauke." Akapapasa ukingo wa sanduku. "Ni grisi ya mnyororo, mulamwa. Kioo hiki huvuta vumbi, na vumbi hushika grisi. Lakini grisi hukauka ikafifia. Hii kila mwaka nimeikuta nyeusi kuliko mwaka uliotangulia. Nilijiambia ni vumbi. Kila mwaka nimejiambia hivyo."

"Ni vumbi," shemeji yangu akasema kutoka mlangoni. Hakusogea karibu.

Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo, na mikono yangu ilikuwa na maji. Hilo sikulifikiri. Nilimpa Fundi kioo chake, nikaupenyeza mkono wangu wa kulia nyuma ya runinga, hadi begani, shavu langu likiwa juu ya mbao.

"Mulamwa!" akapiga kelele, yeye asiyepiga kelele. "Mkono mmoja! Mmoja tu!"

Nikauficha wa kushoto mgongoni. Nywele za mkono wangu zilisimama. Kioo kililia kama chumvi iliyotupwa motoni, na kilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Nilikipapasa hadi nikahisi utando wa grisi, nikaweka kiganja changu juu ya kiganja chake, kidole juu ya kidole. Nikasukuma kidogo. Ilikuwa kama kusukuma mlango na kuna mtu ameuegemea upande wa pili. Sisemi alikuwepo. Nasema ilikuwa hivyo.

Kisha ule uzito ukaondoka, na kilichobaki kilikuwa kioo.

Nilipoutoa mkono, kiganja changu kilikuwa cheusi. Nilichukua kioo cha kunyolea nikatazama. Chenga zilikuwa zinachemka, na katikati palikuwa na kiganja kilicholowa, chenye vidole vitano. Kilikuwa changu. Chake nilikuwa nimekifuta.

Mvua ilianza kupiga mabati. Fundi, ambaye haoni, alielewa kwa kunisikia nikipumua.

"Nizime?" akauliza.

"Zima."

Alizungusha kitasa. Nilikuwa bado nimekishika kioo, nikaiona picha ikijikunja hadi ikawa nukta moja nyeupe. Fundi alivua kofia kwa mkono wa kulia. Kisha mkono wa kushoto ukatoka mfukoni. Ulikuwa mwembamba, umepauka, kama wa mtu mwingine mdogo kuliko yeye. Aliishika kofia kwa mikono miwili.

Nukta ilikaa. Sijawahi kuiona ikikaa hivyo. Shemeji yangu naye alivua kofia yake pale mlangoni. Niliitazama nukta ikipungua, ikawa kama ncha ya sindano, nami sikupepesa macho, hadi ikawa sijui kama naiona au naikumbuka.

"Imekwisha?" Fundi akauliza.

"Imekwisha." Nikamgeukia shemeji yangu. "Mvua ikikatika, kata ule mgomba. Shati lake la kanisani liko sandukuni, nitalipiga pasi mwenyewe."

Aliinamisha kichwa tu.

Kwa kuwa mkono wa mwanangu ulikuwa umeshafutika na wangu ndio uliobaki pale kiooni, niliona kugeuza ni kazi yangu. Runinga ni nzito. Fundi alijongea, akapapasa, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya lile sanduku, mkono wa kulia na ule wa kushoto. Tukaigeuza pamoja, miguu ya mbao ya runinga ikikwaruza sakafu.

Kioo kilikuwa cheusi. Sote tulionekana ndani yake, tumesimama sebuleni kwa ule mwanga wa mvua, Fundi, shemeji yangu na mimi. Nikatuhesabu mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa watatu.